Sufu Isiyoshika Rangi

Ametoka Aq Qala, amevuka daraja la kale
kwa basi la saa kumi na mbili, tumbo tupu kama alivyoagizwa,
shali ya maua begani, ncha za vidole zimesagika
kwa miaka arobaini ya kufunga mafundo ya zulia.
Jina: Ogulgerek.
Daktari Shirindokht, mtu wa Yazd, ananiuliza maana yake.
"Anahitajika mwana wa kiume," namfasiria.
Ndivyo walivyomwita binti wa tano.
Daktari haandiki hilo. Fomu haina mahali pake.

Nampulizia ganzi kooni. Anakunja uso:
"Hii chungu kuliko chai yangu."
Na chai yake naijua, ni chai yetu sote huku nyikani:
birika halitui, bakuli halipoi,
mtu hujisifu kwa kumeza moto bila kupepesa.
Mama yangu alijisifu hivyo
hadi mkate ukaanza kukwama,
kisha uji,
kisha maji.

Mrija mweusi unateremka na taa yake,
skrini inatufungulia njia:
rangi ya waridi, majimaji, inafumba na kufumbua
kama kinywa cha mtoto anayeota titi.
Tonge ngapi zimepita hapa
na nani aliwahi kuishukuru?
Daktari anahesabu sentimita kuanzia menoni.
Ishirini. Ishirini na tano. Safi.
Ishirini na nane: "Ngoja."
Mimi sioni kitu. Wekundu kidogo labda,
kama shavu lililolaliwa.
"Iodini," anasema.

Tunanyunyiza, na umio unageuka
kahawia, rangi ya tende, rangi ya tandiko la farasi,
maana seli nzima zimeweka akiba ya sukari
na iodini huishika sukari hiyo
kila mahali, ila pale:
kisiwa cha njano, kingo zake kali,
hakizidi ukucha wa kidole gumba.

Ogulgerek amekiona.
Kalala ubavu, plastiki kati ya meno,
mate yanatiririka kwenye taulo, hawezi kusema,
lakini kidole kinainuka, kinaonyesha palepale.

Fomu inataka daraja.
"Dakika tatu," anasema daktari, "tazama saa."
Njano ikibaki njano ina daraja lake.
Njano ikigeuka waridi ina jingine, la juu,
na hapa, kinyume cha shuleni,
hakuna mzazi anayeombea la juu.
Dakika ya kwanza, upepo unatikisa dirisha.
Ya pili, namshika mkono. Sikumwambia tunangoja nini.
Ya tatu haijatimia,
waridi hilo,
linapanda taratibu kama haya usoni.

Vipande vinne vikachukuliwa, vidogo kama ufuta.
"Hadubini itasema la mwisho," akasema daktari,
na kalamu yake ikaandika herufi moja.

Alipotolewa plastiki alijifuta, akatema, akaketi.
"Sufu isiyoshika rangi," akaniambia kwa Kiturkmeni,
ganzi ikimvuta ulimi,
"usiilaumu rangi. Kondoo aliugua.
Mama aliikata, akaitupa, akaendelea kufuma.
Hii mtaikata?"

Nikafasiri. Daktari akajibu polepole, aniachie nafasi:
kuna hospitali Gorgan, wataubambua utando
kwa mrija kama huu huu, bila kisu kifuani,
kama haijazama ndani.
Nikamgeukia Ogulgerek:
wataubambua, nikasema, kwa mrija, bila kisu.

Akanitazama kama mtu aliyepitisha kiganja
juu ya kazi ya mwanagenzi.
"Umeruka fundo."

Nikarudi nyuma nikalifunga.
Kama, nikasema. Kama haijazama.

"Sasa limekaa," akasema,
akainama kutafuta kiatu chake chini ya kitanda.